Kabla ya Kuinua Pikapu, Pima Hosi za Breki

Kila mvua zinapozidi, magari yanayopanda kwenda vituo vya kununulia majani chai huanza kubadilika umbo. Mwenye pikapu huyu anaongeza bamba moja kwenye springi za nyuma, yule anafunga springi ndefu na tairi kubwa ili difu isilale kwenye matope. Hatumlaumu mtu. Majani yaliyochumwa asubuhi hayangoji. Yakikaa kwenye magunia hupata joto na kuwa mekundu, na barabara ya changarawe ikishageuka uji, gari lililo juu ndilo litakalofika kiwandani.

Kinachosahaulika ni hosi ya breki. Hosi ni ule mpira unaopinda, unaotoka kwenye paipu ya chuma ya chesisi hadi kwenye ekseli au gurudumu. Ilikatwa kiwandani kwa urefu uliotosha gari lilivyokuwa siku ile. Ukiinua gari inchi mbili, ekseli imesogea mbali na chesisi kwa inchi mbili, na hosi ni ile ile.

Miaka kadhaa iliyopita pikapu moja ililetwa kwenye gereji niliyokuwa nikifanya kazi, ikivutwa na trekta kutoka mteremko mmoja upande wa Konoin. Ilikuwa imebeba mbolea. Dereva alituambia kwamba alivuka mtaro kwa pembe, gurudumu moja la nyuma likaning'inia hewani, kisha alipokanyaga breki hatua chache mbele pedali ikazama karibu na sakafu. Gari lilipunguza mwendo kidogo tu. Akalipeleka makusudi kwenye ukingo wa udongo. Wachumaji waliokuwa wakitembea kando ya barabara na vikapu mgongoni waliruka ndani ya majani chai. Hakuna aliyeumia.

Tulipoingia chini ya gari tulikuta hosi ya nyuma imekatika shingoni, pale inapobanwa na kichwa cha chuma. Springi zilikuwa mpya, za mwezi uliotangulia, na aliyezifunga alikuwa fundi wa gereji yetu wenyewe. Alizifunga vizuri sana. Hakuangalia hosi.

Hapa petu miteremko haisamehi. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction likavamia watu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 10 Oktoba 2018 basi lilianguka Fort Ternan, kwenye barabara ya Londiani kwenda Muhoroni, na huko pia zaidi ya 50 walikufa. Somo hili si uchunguzi wa ajali hizo wala hatusemi kwamba hosi ndizo zilizosababisha. Tunazitaja kwa sababu kila mtu wa kaunti hii anajua maana ya gari zito lisilosimama kwenye mteremko wenye watu.

HOSI MPYA HUFANYA NINI

Tuondoe dhana moja kwanza. Wapo vijana wanaoamini kwamba wakifunga hosi zilizosukwa kwa waya wa chuma, breki zitakuwa na nguvu zaidi. Sivyo. Nguvu ya kusimamisha gari hutoka kwenye silinda kuu, kalipa, ngoma, lainingi na tairi. Hosi na paipu kazi yake ni kupeleka shinikizo bila kulipoteza njiani.

Lakini hiyo si kazi ndogo. Ukikanyaga kwa nguvu, shinikizo ndani ya paipu huweza kupita psi 1,000. Tairi ya pikapu hubeba psi 35 hivi. Hosi iliyozeeka huvimba kila unapokanyaga, na mguu wako unahisi pedali laini, ndefu. Nyingine huharibika kwa ndani pasipo kuonekana: ngozi ya ndani hubanduka na kuwa kama kifuniko, mafuta yanapita kwenda kwenye gurudumu lakini hayarudi. Breki ya gurudumu hilo hubaki imeshika, ngoma inapata moto, na fundi asiye na subira atabadilisha silinda ya gurudumu mara mbili kabla ya kushuku hosi.

Magari mengi ya sasa yana mikondo miwili ya breki, ili mmoja ukipasuka mwingine ubaki. Ndiyo sababu pikapu ile ya Konoin ilipunguza mwendo. Hata hivyo pikapu nyingi zenye ekseli ngumu ya nyuma zina hosi moja tu inayolisha magurudumu yote mawili ya nyuma. Ikikatika hiyo, umebaki na breki za mbele peke yake, pedali iko chini, na mzigo wa mbolea unakusukuma kutoka nyuma.

KUPIMA

Usinunue hosi kwa kukisia. Egesha gari mahali tambarare, weka kuni au mawe kwenye magurudumu yasiyoinuliwa, kisha inua chesisi kwa jeki mpaka magurudumu ya nyuma yaning'inie kabisa. Weka stendi imara chini ya chesisi. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki pekee. Ekseli ikiwa imeshuka mwisho wake, pima kwa uzi kutoka kichwa cha paipu kwenye chesisi hadi pale hosi inapoingia kwenye ekseli, ukifuata njia ambayo hosi itapita. Halafu inua upande mmoja wa ekseli kwa jeki ya pili, upande mwingine ubaki chini, upime tena. Barabara zetu zinainamisha ekseli hivyo kila siku. Chukua kipimo kirefu zaidi na uongeze kama sentimita tano za kulegea.

Mbele kuna jambo la ziada: geuza usukani mwisho kushoto, kisha mwisho kulia, gurudumu likiwa limening'inia na tena likiwa limebanwa juu. Hosi isivutike, isijikunje, wala isiguse tairi. Hosi ndefu kupita kiasi ni hatari kama ile fupi, kwa sababu tairi kubwa itaisaga kidogo kidogo.

Kuna njia ya mkato inayopendwa: kufungua kishikio cha hosi kwenye chesisi na kuiacha paipu ya chuma ishuke yenyewe. Paipu hiyo haikutengenezwa icheze. Baada ya wiki chache za mashimo itapasuka kwenye nati. Kama hosi iliyopo ni nzuri na gari limeinuliwa kidogo tu, kishikio kinaweza kushushwa kwa bamba la chuma lililofungwa kwa boliti, mradi kishikio chenyewe kibaki imara na paipu ikunjwe upya kwa utaratibu.

KUCHAGUA HOSI

Zipo mbili zinazofaa: hosi ya mpira iliyo ndefu zaidi, ya kiwango cha kiwandani, na hosi ya ndani ya plastiki ngumu ya teflon iliyovikwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Kwa pikapu ya kubeba majani na mbolea, maoni yangu ni kwamba mpira mpya wa kiwango unatosha, na ni rahisi kuukagua kwa macho: ukiona nyufa unabadilisha. Hosi ya waya haivimbi, na inastahimili mawe na vijiti vinavyorushwa na tairi. Ubaya wake ni kwamba waya ule ni msumeno. Ukigusa paipu, chesisi au waya wa umeme, utakata. Ukiamua kuinunua, chukua iliyovikwa plastiki juu, na uifunge mahali isipoweza kusugua kitu.

Angalia maandishi kwenye hosi. Kiwango cha Marekani, FMVSS 106, kinataka hosi ya breki za mafuta istahimili psi 4,000 kwa dakika mbili bila kupasuka, na hosi iliyotengenezwa kukidhi kiwango hicho huandikwa DOT pamoja na alama ya mtengenezaji. Hosi isiyo na andiko lolote iache dukani. Na tafadhali, hosi za haidroliki za trekta, zile zinazokatwa na kubanwa vichwa papo hapo, zina kazi yake kwenye trekta. Mpira wake wa ndani ulitengenezewa mafuta ya madini. Mafuta ya breki ni ya aina nyingine na yanaweza kuuharibu.

PAIPU NGUMU NA MBOLEA

Ukishafungua hosi utaiona paipu ya chuma inayoipelekea mafuta, na hapo ndipo kazi ya saa mbili hugeuka ya siku mbili. Paipu za kiwandani ni chuma chenye rangi au zinki juu. Katika nchi ya mvua kama yetu huanza kula kutu chini ya vishikio, mahali ambapo matope hukaa bila kukauka.

Mbolea huharakisha. NPK inayomwagika kutoka kwenye magunia yaliyopasuka huteleza kupitia sakafu ya bodi na kukaa juu ya ekseli na paipu. Ni chumvi; huvuta unyevu na hula chuma. Amonia iliyomo inashambulia pia shaba na hasa shaba nyeupe ya vichwa na viungo. Siku uliyobeba mbolea, osha chini ya gari kabla ya kulala. Nimeona paipu zilizodumu miaka mingi kwenye teksi ya mjini, na nimeona za pikapu ya mbolea zikikwaruzwa kwa bisibisi na kutoboka.

Fundi wengi wakikosa paipu ya breki hutumia paipu ya shaba ya friji. Inapatikana, inapinda kwa mkono, inang'aa. Usikubali. Shaba tupu huwa ngumu na kuvunjika kadiri inavyotikiswa, na paipu ya friji haikutengenezwa wala kupimwa kwa kazi ya breki. Kinachofaa ni paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo haishiki kutu kama chuma, inapinda vizuri na hustahimili shinikizo, au paipu ya chuma iliyopakwa kinga. Ukubwa wa kawaida kwa magari madogo ni milimita 4.75, yaani inchi 3/16.

Ipitishe ile ile njia ya kiwandani, upande wa ndani wa chesisi, mbali na paipu ya moshi. Ifunge kwa vishikio kila baada ya sentimita 30 hivi. Ikicheza, itavunjika.

MDOMO WA PAIPU

Hapa vijana wanaosomea umekanika katika vyuo vyetu vya ufundi wasome polepole. Paipu hufungwa kwa kupanua mdomo wake ndani ya nati, na midomo haifanani. Magari mengi ya Japani hutumia mdomo uliokunjwa mara mbili kwa nyuzi 45, na nati ya milimita 10 yenye hatua ya milimita 1. Magari mengi ya Ulaya hutumia mdomo wa duara kama kiputo. Land Rover za zamani zina nati za inchi. Nati ya inchi huweza kuingia mizunguko miwili kwenye tundu la milimita na kukudanganya kwamba imeshika. Nati ya breki huingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikigoma mapema, simama, linganisha na ile ya zamani.

Mdomo uliopanuliwa mara moja tu, bila kukunjwa, hupasuka. Kata paipu kwa kikata cha gurudumu, si kwa msumeno wa chuma. Safisha ncha ndani na nje, na usisahau kuvisha nati kabla ya kupanua. Kila fundi amewahi kusahau.

KAZI YENYEWE

Mwagia nati za zamani mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Tumia spana maalum ya nati za breki, ile yenye mdomo uliokatwa kidogo tu. Spana ya kawaida itazila pembe. Usibane hosi kwa koleo ili kuzuia mafuta, maana unaivunja kwa ndani. Ziba paipu kwa kifuniko safi.

Pale hosi inapofungwa kwa boliti yenye tundu, weka washa mpya za shaba, moja kila upande. Funga kichwa kisichozunguka kwanza, ndipo ukaze cha paipu, ili hosi isibaki imesokotwa. Hosi nyingi za mpira zina mstari uliochorwa juu yake; mstari ukizunguka kama nyoka mtini, fungua urudie. Kwa nati za paipu za magari mengi ya Toyota nguvu ya kukaza ni Nm 15 tu. Huo ni mkono mmoja wa wastani. Anayening'inia kwenye spana anaharibu mdomo alioutengeneza.

Kisha toa hewa. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Kitabu cha gari lako kikisema vinginevyo, fuata kitabu. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipeli na kuifunga kabla mguu haujaachia. Kikopo cha mafuta kisikauke hata mara moja. Kwa magari yenye ABS huenda ukahitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari ili hewa itoke kwenye pampu yake.

Mafuta yenyewe yawe mapya, kutoka chupa iliyofungwa. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 huvuta maji kutoka hewani. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishavuta maji asilimia 3.7 hivi, kiwango hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na tambarare za Ahero ziko chini ya mita 1,200, kwa hivyo anayeshuka kupitia Kapsoit na Awasi akiwa na mzigo, mguu juu ya breki badala ya gia ndogo, anapasha mafuta hayo moto njia nzima. Yakichemka hugeuka mvuke, mvuke hubanwa, na pedali huzama bila tone kumwagika. Badilisha kila miaka miwili. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na usiweke kamwe mafuta ya usukani au ya injini, kwa sababu yatavimbisha mipira yote ya mfumo.

VALI YA MZIGO

Jambo hili mafundi wengi hulipita. Pikapu nyingi zina vali juu ya ekseli ya nyuma yenye fimbo inayopima umbali kati ya ekseli na chesisi. Bodi ikishuka kwa mzigo, vali inaruhusu shinikizo zaidi nyuma. Ukiinua gari, vali inadhani halina kitu, hata likiwa na tani ya majani, na breki za nyuma zinapewa kidogo. Mbele kunafanya kazi yote, kunapata moto, na umbali wa kusimama unaongezeka. Dereva atasema breki "zimelegea tu", na atauziwa lainingi mpya.

Dawa ni kurekebisha kishikio cha fimbo kwa kiasi kile kile ulichoinua gari, kwa kufuata kitabu. Kuing'oa vali na kuunganisha paipu moja kwa moja ni kosa: siku gari likiwa tupu kwenye matope, magurudumu ya nyuma yatagoma kuzunguka na sehemu ya nyuma itakuja mbele.

KABLA YA KURUDI BARABARANI

Washa injini, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie dakika nzima. Ikizama polepole, kuna mahali panapovuja au kuna hewa. Mwenzako apitishe karatasi kavu kwenye kila kiungo. Rudia kung'iniza magurudumu na kugeuza usukani huku ukitazama hosi. Kisha jaribu mahali tambarare, kwa mwendo wa kutembea, halafu kilomita 20 kwa saa, gari tupu kwanza na lenye mzigo baadaye. Mteremko wa kwanza usiwe wa kwenda mtoni.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu barabarani gari ambalo hali yake inahatarisha wengine, na magari ya biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka. Kama umeinua gari lako na hujagusa breki, usingoje tarehe ya ukaguzi.

Baada ya wiki moja ya kazi, ingia tena chini ya gari na tochi. Kagua kila nati, kila kishikio, na mahali popote hosi ilipong'aa kwa kusuguliwa. Mwenye pikapu ile ya Konoin hufanya hivyo kila Jumapili alasiri, na hamruhusu fundi amfanyie.